Barua ya Nassra na Sentensi ya Maofisini

Baraza ya Mkunazini ina dele moja la kahawa na watu wawili wasiokosa: Ami Wakil, aliyekuwa karani bandarini, na Kheir, waliyembandika jina la Redio kwa kuwa hazimiki.

Alasiri ile Nassra, binti wa nduguye Ami Wakil anayekaa ghorofa ya juu ya baraza, aliteremka ngazi mbiombio, mtoto kiunoni, simu mkononi, roho juu juu, maana hoteli moja ya Kendwa ilitaka mtu wa mapokezi na maombi yalifungwa saa kumi, na sasa ilikuwa tisa u nusu, na akiikosa kazi hii ndio kurudi kwa wakwe Kizimkazi, mtoto wake alelewe kwa masimango. Barua keshaandika. Kilichomkwaza ni sentensi moja, "Please find attached my certificate", yaani tafadhali pata cheti changu kilichoambatishwa. Akamuuliza ami yake kama maofisini huandikwa hivyo.

Ami Wakil akavaa miwani, akasema ndivyo, kaiandika miaka thelathini.

— Ndivyo vipi? Kheir akadakia. Unamwambia meneja atafute? Mkubwa hupewa kitu kwa mikono miwili, haambiwi tafuta.

— Ndio Kiingereza cha ofisini, Redio.

— Basi ndio maana hawajibu. Mwanangu, mtake hali kwanza. Muulize wanawe hawajambo.

Ami Wakil akasema mtaka cha mvunguni huinama, basi meneja na ainame. Kheir akazidi: sentensi ile Wazungu waliiacha makusudi, ni mtego wa kuwajua wasio na adabu. Ami akaapa kwamba bila ya sentensi ile meli isingefunga gati Malindi. Nassra akamhamishia mtoto upande wa pili, akaitazama saa ya simu.

Akapita Bi Mize, jirani, anatoka sokoni. Akaelezwa, akaitazama simu.

— Hapa pameandikwa cheti kimeambatishwa. Kiko wapi?

Ami akavua miwani, akaifuta. Redio ikazimika. Cheti kilikuwa juu, sandukuni, hata picha hakijapigwa.

— Ami, mpokee mtoto.

Nassra hakuomba ushauri tena. Alipanda ngazi mbili mbili, akakitandaza cheti dirishani penye mwanga, akakipiga picha, akakiambatisha, akakifungua kuona kama jina lake linasomeka. Linasomeka. Sentensi hakuigusa hata neno.

Chini Kheir alikuwa keshapata jengine, alilolichungulia kwenye simu: eti barua inamalizikia "Yours", wako, na mke wa mtu anamwandikia nani wako? Nassra akabonyeza kutuma. Saa kumi kasoro dakika nne.