Marselino Amefika Wapi?

Kijiweni kwa Saady, nyuma ya stendi ya Kasulu, siku hiyo hakukuwa na porojo za mpira. Stanislaus alikuja mbio kutoka hospitali, akakaa ukingoni mwa benchi bila hata kuagiza kahawa. Mama yake, bibi Esteri, alikuwa hoi kitandani, na kila akifumbua macho aliuliza jambo moja tu: Marselino, kitinda mimba wake aliyepelekwa Kanada tangu enzi za kambi ya wakimbizi, amefika wapi? Kwao msafiri hapigiwi simu akiwa njiani, eti ni kumtia nuksi. Ndiyo maana Stanislaus akawajia wataalamu.

Wataalamu wenyewe walikuwa wawili. Hilali, muuza vitenge, aliitwa Rubani kwa sababu aliwahi kupanda ndege mara moja, kwenda Maskati. Venanti alikuwa dereva mstaafu wa lori, na mtaa mzima ulimwita Kilomita.

Kilomita alianza na barabara. Toronto mpaka Dar ni kilomita elfu kumi na mbili na ushee, alisema, na basi la Dar kuja hapa linakula elfu moja na ushee, tena kwa kutwa na kucha.

— Piga mara kumi, mwanangu. Wiki nzima na zaidi.

— Hiyo ni ndege au mkokoteni wa ng'ombe? Rubani akamkata.

Yeye alieleza kwamba ndege ikishapaa haina haja ya kukimbia. Dunia yenyewe ndiyo inayozunguka chini yake. Dereva wake anasubiri Afrika ijilete, anashuka. Kilomita akasonya. Siku hizi kuna vita, akasema, ndege zinakwepa makombora, pengine hiyo imeshateremshwa jangwani huko.

Stanislaus akasimama, ngumi zimekaza.

— Mzee, unampeleka ndugu yangu jangwani na mama anakata roho?

Saady akaweka birika chini. Ndipo akatokea Niyubahwe, kaka yake bibi Esteri, ametoka Nyakitonto kumwona mgonjwa. Akasalimia, akakaa, akasikiliza mabishano yalipoanza upya. Kisha akauliza:

— Aliyeongea na Marselino ni nani?

Stanislaus akamtazama Kilomita, maana ndiye aliyempa habari za safari hiyo. Kilomita akasema yeye alisikia ikitangazwa kanisani. Kanisani ilipelekwa na Divine, dada yake Stanislaus. Na Divine je? Stanislaus akakumbuka. Divine aliambiwa na mama mwenyewe, juzi alipozinduka: mwanangu anakuja, yuko kwenye ndege.

Simu ikaita. Alikuwa Divine, kutoka wodini. Mama anauliza tena.

Stanislaus akamgeukia Rubani. Rubani akainamia kikombe chake.

— Mwambie, Stanislaus akamjibu Divine. Mwambie ameshaipita Tabora.