Mtoto Mdogo wa Nella

Bwana Yesu asifiwe. Kabla sijasoma historia ya marehemu nitubu mbele yenu: mimi Falone, shangazi wa marehemu na kiongozi wa maombi ya akina mama, ndiye niliyemzuia mama yake kurudi hospitali, na hilo nitamjibu Mungu.

Marehemu Ntwari alikuwa mtoto wa kwanza wa mdogo wangu Moïse Mirindi na mkewe Nella, waliofunga ndoa Parramatta tarehe 8 Oktoba 2022. Alizaliwa hapa Sydney tarehe 3 Juni 2025, kabla ya wakati, akiwa na kilo moja na gramu mia moja. Jana kuna waliosema mtoto mchanga hasomewi historia, basi mlango uko wazi.

Shule hakwenda, kazi hakufanya, hakuoa, alipumua kwa mashine na kushika kidole cha baba yake, aliyekuwa akipitia hospitali akitoka kazini bohari kule Smithfield.

Ugonjwa ulianza tumboni mwa mama yake. Tarehe 14 Januari damu ya Nella ilionyesha homoni za kondo la nyuma ziko chini, daktari akasema huenda mtoto akawa mdogo mno, mama awe anarudi waangalie anavyokua, ikibidi wamtoe mapema. Sisi mabingwa, tuliomaliza darasa la sita kambi ya wakimbizi, tukafunga siku tatu kuikataa ripoti, tukazikemea homoni kama mapepo, nami nikamwambia, "Wifi, ukirudi kule umekubali neno lao." Akanitii, mpaka siku mtoto alipoacha kucheza tumboni, ndipo akakimbilia hospitali.

Alipozaliwa, walewale waliofunga walikuja kuchungulia, mwenzetu Mama Arakaza akauliza, "Huyu ni mtoto ama ni sampuli?" na mkacheka. Kisha mkaanza: mara Nella aliinua wazee wazito kazini kwenye makao ya wazee Lidcombe, mara hakula, mara mimba si ya Moïse. Mfungo wetu hakuna aliyeutaja, watu wa Mungu sisi, na Moïse akawasikiliza, akaacha kwenda hospitali.

Alifariki tarehe 21 Juni 2025, asubuhi, kifuani pa mama yake, baba hayupo.

Tunawashukuru wauguzi, daktari ambaye hakutukaripia ingawa tulistahili, jirani Clifford aliyeleta supu bila maswali, na wafanyakazi wenzake Nella waliomshikia zamu.

Lala salama, Ntwari, hukumkosea mtu.

Moïse, mdogo wangu, nakuomba, toka huko upande wa wanaume, uje ukae na mke wako.