Mama Njuga na Mlango wa Ukumbi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo mtanisikia nimekaza sauti, na wanaonijua huko majumbani wameshaanza kuambiana, "Huyu leo ana jambo." Ndiyo, ninalo. Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika.

Tunamkumbuka Mama Njuga. Mama Njuga alifariki mwezi uliopita. Alikuwa mwalimu wa muziki wa watoto wadogo, wale wa kubebwa na wale wanaotembea kwa kushikilia viti. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: mwalimu wa muziki wa watoto wadogo, pamoja na walezi wao. Hilo "pamoja" lishikeni, maana ndilo lililoleta ugomvi wote.

Jina la Njuga alipewa na kina mama. Alivaa njuga kwenye kifundo cha mguu, ili mtoto anayetambaa, ambaye kazi yake ni kuona miguu ya watu, ajue mwalimu yuko wapi. Binti yake ni fundi cherehani. Nilikwenda kumpa pole, akacheka huku anafuta machozi. "Mama hakuweza kutunyatia hata siku moja," aliniambia. "Tuko jikoni tunalamba sukari, tunasikia njuga, tunafunga kopo. Kwamba midomo yetu ilikuwa imejaa sukari, hilo hatukulifikiria."

Darasa lake lilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa kituo cha watoto. Viatu nje. Simu ndani ya kapu, na kapu juu ya kabati. Mikeka chini. Manyanga aliyatengeneza kwa chupa ndogo za plastiki zenye mbegu, na vifuniko amevigandisha kwa gundi, asije mtoto akafungua akameza. Kila mtoto anakaa mapajani kwa aliyemleta, awe mama, baba, bibi, au dada wa kazi.

Sasa sikilizeni utaratibu wake. Kulikuwa na wimbo wa kuitana. Mama Njuga anaimba, anakwenda, anakwenda, na akifika mahali pa jina la mtoto ananyamaza. Jina analiimba mlezi. Mwalimu hakuimba jina la mtoto wa mtu, miaka yote hiyo. Akifika pale, kimya, anakutazama wewe.

Walezi wageni walinuna. Mama mmoja alimwambia, "Mwalimu, mtoto tumekuletea umfundishe. Mbona kazi tunafanya sisi?" Mama Njuga akamjibu, "Mimi niko naye asubuhi moja kwa wiki. Usiku akiamka analia, anamlilia nani? Mimi?" Yule mama akaimba. Aliimba kama anayesoma risiti, lakini aliimba.

Kuna baba mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma. Mkewe alifariki mtoto wao wa kike angali ananyonya. Yule mtoto alikuwa hasemi. Hospitali walimpima masikio, wakakuta anasikia vizuri. Ila hasemi, hata "baba" hasemi. Fundi alinisimulia mwenyewe, tumekaa karakanani kwake.

"Siku ya kwanza nilisimama mlangoni. Nikamwambia mwalimu, mimi nimletee tu mtoto, sauti yangu ni ya msumeno. Akasema, 'Ingia, baba. Mwanao hajapata kuwa na baba mwingine wa kumlinganisha na wewe.' Basi nikaingia. Jina la mwanangu nikalinong'ona kama mwizi."

Alinong'ona wiki nyingi. Halafu Jumamosi moja akaimba kweli, kwa sauti yake hiyo ya msumeno. Mtoto akageuka pale mapajani. Akaweka kiganja kwenye koo la baba yake, palipokuwa panatetemeka. Wimbo ulipokwisha akasema, "Tena." Neno lake la kwanza hilo, wasikilizaji. Tena. Fundi anasema aliimba mpaka koo likakauka, na Mama Njuga akawaacha wenzake wote wangoje.

Sasa nifike kwenye hasira yangu.

Kituo kililetewa meneja mpya. Kijana nadhifu, maneno laini. Akaja na mpango wake: walezi wabaki nje. Kwa nini? Wanajaza ukumbi. Wakitoka, wanaingia watoto mara mbili ya idadi ile. Halafu akafunga spika kubwa ukutani, na juu ya mlango akaandikisha kwa rangi nyekundu: MTOTO UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO. Loo! Mlango wenyewe ndio ule anaofungia walezi nje. Jamani, haya kuna mtu anayaona ila mimi?

Kabla ya mpango huo kuanza, alimwomba Mama Njuga aimbe nyimbo zake arekodiwe. Akamwambia ni kwa ajili ya kumbukumbu za kituo. Mama Njuga hakuwa mtu wa kushuku watu. Akaimba. Na kwenye wimbo wa kuitana aliimba kama alivyozoea, akifika mahali pa jina ananyamaza, kisha anaendelea.

Ilipofika Jumamosi ya mpango mpya, watoto wameingizwa, walezi wamefungiwa nje, na ndani ni kilio kitupu. Mama Njuga alifungua mlango, akatoka na watoto wote, akafundishia uani. Wiki hiyohiyo akaachishwa kazi. Sababu waliyompa ni utovu wa nidhamu. Mama mtu mzima, aliyewafuta kamasi watoto wa mji huu mpaka wengine sasa wana watoto wao, anaambiwa hana nidhamu!

Hakukaa kulalamika. Binti yake alisogeza vyerehani ukutani, akafagia sindano na vitambaa, na darasa likaendelea mle ndani ya chumba chake cha kushonea. Walibanana, wanapishana kwa kuomba radhi. Fundi na mwanawe hawakukosa.

Halafu moyo wake ukasimama. Alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu zamani, na binti yake ameniomba nisiseme kwamba kuna mtu aliyemuua. Sawa, dada yangu. Sisemi.

Lakini Waswahili tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Hata hatujamaliza kumlilia, meneja akatangaza kwamba darasa la Mama Njuga limerudi ukumbini. Watu wakafurahi. Fundi akamwogesha mwanawe, akaenda naye. Kufika, mtoto akapokelewa, mlango ukafungwa, yeye akaambiwa asubiri nje na wenzake. Na ndani, kwenye spika, ikaanza kusikika sauti ya marehemu.

Binti yake alikuwa anapita barabarani, anatoka kununua uzi. Alisimama. "Nguo za mama bado hatujazikunja," aliniambia, "na sauti yake wameshaitia kazini." Akaingia ofisini kuwaomba waizime. Akajibiwa, "Tunamuenzi."

Wasikilizaji wapendwa, sikilizeni vizuri hapa. Wimbo wa kuitana ulianza. Sauti ya Mama Njuga ikaenda, ikafika mahali pa jina, ikanyamaza. Na ndani hamna mtu wa kuliimba. Ukumbi umejaa watoto, kila mmoja anangoja jina lake, na halitajwi. Sauti ikaendelea. Ikanyamaza tena. Hakuna. Yule mtoto wa fundi alikwenda dirishani akashika nondo, anamtafuta baba yake kwa macho. Fundi akaimba jina lake kutokea nje. Bibi mmoja naye akaimba la mjukuu wake. Wakawa wanaimba wote pale nje, kila mtu na jina lake.

Mlinzi akatumwa afunge madirisha. Akayafunga.

Fundi hakupiga kelele. Mlango ule wa chuma alikuwa ameuchomelea yeye, miaka ya nyuma, na bawaba zake anazijua. Aliinama, akauingizia bega, akaunyanyua wote ukatoka, akauegemeza ukutani taratibu, usije ukamwangukia mtoto. Walezi wakavua viatu, wakaingia, wakakaa chini. Kuna mtu akachomoa waya wa spika. Wakaimba.

Na sasa fundi ameitwa polisi Jumatatu. Kosa lake ni kuharibu mali. Aliyewafungia wazazi nje hakuitwa popote.

Jana kituo kimeleta rambirambi hapa studio, nizisome. Zinaanza "mwalimu wetu mpendwa." Wameleta na ile sauti yake, niipige. Sizisomi. Siipigi. Machozi ya mamba yana mto wake, si kwenye kipindi hiki.

Rambirambi zangu ziende kwa binti yake, kwa wajukuu, na kwa kila mlezi aliyepata kukaa kwenye ule mkeka. Poleni sana, ndugu zangu. Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Nanyi mliobaki, jiulizeni. Ni lini mara ya mwisho mtoto wako alisikia jina lake kwa sauti yako, bila kuwa umemgombeza? Usinijibu mimi. Jumatatu asubuhi nitakuwa pale polisi na fundi. Mwenye mtoto aje naye, na asikubali kumwacha mlangoni.

Kwa kawaida hapa tungefunga kwa muziki. Leo hakuna muziki. Zimeni redio, wasikilizaji. Ndiyo, mtangazaji mwenyewe ndiye anayewaambia. Kuna mtoto hapo karibu yako, na mimi simjui jina.