Godoro la Mjukuu

Ndani ya basi, mwanamke aliyekumbatia godoro jipya la kitoto alikuwa akimfokea jirani yake wa kiti, mwalimu kijana mwenye chaki vidoleni. “Watu wa ustawi wa jamii wamemchukua mjukuu wangu, eti tunalala kitanda kimoja! Mimi nililala na bibi yangu mpaka naolewa!”

“Mama, mtoto anahitaji nafasi yake.”

“Nafasi gani? Huko kwenye makao ya watoto nimewakuta wanalala wawili wawili, mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule! Na leo hakimu anaamua kama wageni wamuasili, awe mtoto wao. Wamuasili nani? Ana kwao!”

Mimi niliyekaa nyuma yao, ambaye mjukuu wangu hunipiga mateke usiku kucha, nilitazama dirishani.

Tulipofika kituo cha mahakamani, godoro likakwama kwenye mlango wa basi. Mwalimu akalisukuma kwa nyuma. “Lakini sheria, mama…”

“Sukuma kwanza, mwanangu. Sheria utaniambia nikishashuka.”