Aliyelifuata Kosa Lake Hadi Kwenye Shimo Jeusi

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi wa kazini kwake, ukoo umenikabidhi mimi mdogo wake nisome maisha ya dada yetu, nami nitayasoma yalivyo, anayetaka sifa za kupaka rangi atasubiri sana.

Dada alizaliwa tarehe 6 Juni 1964, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Alianza shule ya msingi mwaka 1971, akamaliza sekondari 1983, chuo kikuu 1987, kisha akapata udaktari wa fizikia mwaka 1995, na tangu hapo shangazi kila akiumwa mgongo alimfuata yeye, asielewe ni daktari gani huyu asiye na sindano.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwoka mikate, na mama mkwe alipouliza nani atapika katika nyumba hiyo, Dada akamjibu kwamba mpishi ameshapatikana, ndiye mwanao. Walijaliwa binti mwaka 1994 na kijana mwaka 1998.

Mwaka 1996 aliajiriwa chuo kikuu, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha lisilofunguka, achunguze sahani ya gesi inayolizunguka shimo jeusi, gimba la angani linalomeza hata mwanga, kabla ya kumezwa, gesi inayopata moto hadi kutoa miale ya eksirei, na kwa kuwa hewa yetu huizuia miale hiyo, darubini zake hurushwa angani, watafiti wa dunia nzima wakagombea muda wa kuzitumia. Mwaka 2011 alitangaza kasi ya mzunguko wa shimo moja, akapongezwa kila upande.

Machi 2014, akipitia upya hesabu zake, aligundua kwamba gesi ile iling'aa kupita kiasi, kifaa cha darubini kikazidiwa, miale miwili ikiingia pamoja kinahesabu mmoja wenye nguvu maradufu, sawa na mlinzi wa getini anayeona watu wawili wamebanana akaandika kapita bwana mmoja mnene. Kasi aliyoitangaza, iliyopimwa kwa nguvu za miale hiyo, haikuwa na pa kusimama. Mkuu wa idara, ambaye yupo hapa na ananisikia, alimsihi anyamaze kwanza, maana uprofesa wa Dada ulikuwa mezani, lakini Dada akaiondoa makala yake ya 2011 mchana uleule. Uprofesa ukaenda kwa mwingine, na kwenye korido wakasema, "Mama Rudia kajipalia makaa mwenyewe," jina walilompa kwa kuwa kila mwanafunzi aliyemletea jibu aliambiwa arudie. Nilipotaka kwenda kuwatolea uvivu, Dada alisimama mlangoni: "Wewe kaa chini. Kelele zako hazinipi namba, na mimi naitaka namba."

Kila mwaka aliomba muda wa darubini, kila mwaka akanyimwa. Agosti 2021 madaktari waligundua kansa ya matiti, akawa anaandika maombi kitandani, kati ya dawa na dawa, hadi alipokubaliwa mwaka 2023, safari hii kitumike kipande kidogo tu cha kifaa, kisomwe haraka, kisizidiwe tena. Data zilifika Februari 2024 akiwa wodini. Mwanafunzi wake alikuja na jibu, Dada akakataa hata kulitazama mpaka mwenzake apige hesabu peke yake, chumba kingine. Majibu yakalingana: shimo lile linazunguka kwa kasi isiyofika nusu ya ile aliyoitangaza. Dada alicheka hadi muuguzi akaja mbio. "Nilikosea vibaya, mdogo wangu," akaniambia, "na sasa najua kwa kiasi gani!"

Makala mpya ilikubaliwa tarehe 3 Septemba 2024, naye akafariki tarehe 11, asubuhi, akiacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kompyuta juu ya kitanda cha mgonjwa, majirani mliompokea shemeji zamu za tanuri, na wenzake wa kazini, hata ninyi wa korido, maana mmekuja. Mtakapofundisha kasi ya shimo lile, fundisheni ile ndogo, ndiyo ya dada yetu.

Umeipata, Dada. Pumzika sasa, kwa amani.