Kinyozi Asiyedaiwa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote ambao vichwa vyenu vimewahi kupita mikononi mwake, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata, kazi ya kusoma maisha ya kaka yetu, na shemeji amenionya nisichekeshe watu msibani, nami nimemwahidi nitajitahidi, ila mwenye makosa ni marehemu mwenyewe.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1968, nyumbani, chumba cha nyuma, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji, akiwa na nywele nyingi kiasi kwamba mkunga aliuliza kama ametoka mtoto au brashi. Alianza shule ya msingi Januari 1976 na kumaliza mwaka 1982, akiwa tayari ameshawanyoa wenzake wote kwa mkasi wa mama wa kukatia vitambaa, ndiyo maana katika picha ya kumaliza shule darasa zima limevaa kofia.

Mwaka 1987 alifungua kibanda karibu na kituo cha basi, chenye kiti kimoja, kioo kimoja, na benchi la wanaosubiri zamu pamoja na wasiosubiri chochote, akafanya kazi hapo maisha yake yote kwa utaratibu mmoja, kwamba asiye na hela ananyolewa, atalipa akipata, na jina lake halitajwi mbele ya watu hata benchi lichokoze vipi.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuza vitambaa, aliyemkubali kwa sharti kwamba nywele zake asiziguse, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na kijana, ambaye ni fundi umeme.

Juni 2018 mashine yake ya kunyolea iliungua, akakopa kwa simu, kutoka kampuni ambayo hata mlango wake hakuna aliyewahi kuuona, akalipa kabla ya siku, lakini tarehe 10 Julai, kwa sababu ya ada ambayo hakuambiwa alipokuwa anakopa, kampuni ile ikachota namba zote zilizokuwa kwenye simu yake na kuzitumia ujumbe kwamba mtu huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Ujumbe ulimfikia mama mkwe, ukamfikia mwalimu mkuu, ukamfikia hata marehemu mwenyewe, kwa kuwa namba yake alikuwa ameihifadhi kwa jina la Mimi.

Siku ile benchi lilifurika, na Mzee Upara, ambaye huja kwa ajili ya ndevu tu, akamwuliza, "Bwana Tapeli, leo nikikupa kidevu, nitarudishiwa?", watu wakaangua kicheko, kaka naye akacheka, lakini jioni alimwambia shemeji kwamba mtu anayekuachia koo lake chini ya wembe anaamini jina lako, na jina likishaharibika, kiti nacho kitabaki kitupu.

Alipeleka malalamiko ofisi ya kutetea haki za watumiaji, na kampuni iliposikia ikampigia kwa sauti ya asali, iko tayari kufuta ada, tena itampa mkopo mkubwa zaidi kama zawadi, akaijibu kwamba zawadi ya kudaiwa wampelekee mkurugenzi wao, yeye anataka asafishwe kwa watu walewale waliotumiwa uchafu ule. Dada wa kampuni akashangaa, watu wote hao, baba? Akamwambia wote, na mama mkwe awe wa kwanza.

Basi kila Jumatatu, siku ya vinyozi kupumzika, alikwenda kuketi ofisini pale, akamnyoa hata afisa aliyeshughulikia lalamiko lake, na akamtoza bei kamili, isije ikasemwa amemhonga kwa mkato wa denge.

Tarehe 22 Februari 2019, kwa amri ya ofisi ile, simu za benchi zima zililia kwa pamoja, kampuni inaomba radhi, mteja huyu hadaiwi, na Mzee Upara akausoma ujumbe kwa sauti, povu likiwa mashavuni, kisha akainua kidevu na kusema, "Haya, kinyozi, endelea." Kaka aliuchapisha ujumbe huo, akautia fremu, akautundika juu ya kioo.

Agosti 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hospitali ya rufaa, ambako aliwanyoa wagonjwa wenzake hadi wodi ikaonekana kama kikosi cha jeshi, na tarehe 11 Mei 2024, alfajiri, akafariki akiwa ameshikwa mkono na binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, vinyozi wenzake waliofunga vibanda leo, na afisa yule, ambaye namwona kule nyuma.

Anayemdai marehemu aione familia, ila aje mwenyewe kwa miguu yake, asitume ujumbe. Wanaodaiwa na marehemu, alituagiza akiwa kitandani tusimtaje mtu, nasi hatutaji, ingawa kutoka hapa nilipo naona vichwa vingi vimeinama, na vyote vimenyolewa vizuri.

Pumzika kwa amani, kaka, hudaiwi.