Sigaa za Mzee Wabwile

Ijumaa hiyo ya mwaka wa 2006 Wakiuru, muuza kahawa ambaye wateja walimwita Mama Ngari, aliwasha jiko mapema nyuma ya soko la Kitale, akapanga vikombe vitatu mbele ya benchi kama kawaida yake, ndipo akakumbuka kwamba sasa vinatakiwa viwili. Mzee Wabwile alikuwa mochari, na kesho angezikwa kwao Chwele. Kikombe hakukiondoa. Alikijaza kahawa.

Wenye benchi walifika: Khisa, aliyeitwa Spika kwa kuwa hakumwachia mtu nafasi ya kuongea, na Hiram Injinia, fundi wa redio. Nyuma yao akaja Phelista, binti wa marehemu, mkononi ana karatasi ya historia ya baba yake. Wabwile alikuwa amehudumia wageni miaka thelathini katika hoteli moja ya watalii, na fahari yake ilikuwa kuwatajia zile sigaa nene za kigeni kwa Kispanyola safi. Sasa ni Phelista atakayesoma mbele ya waombolezaji.

— Nikiyasoma vibaya haya maneno nitamwaibisha siku yake ya mwisho, alisema.

Akawaonyesha: habano, sigaa ya Kuba, na ligero, jani kali la juu kabisa la tumbaku.

— Habano, Spika akakata shauri. Hiyo h imeandikwa, lazima ifanye kazi. Kwani ni mfanyakazi hewa?

— Wapi, bana, Injinia akapinga. Mspanyola huongea sigaa ikiwa mdomoni. Akipuliza h, jivu linamwagikia shati.

— Na mbona hiyo ligero mzee alikuwa anaitia h? Spika akauliza. Rihero?

— Si ni ile h waliifukuza kwa habano. Iliolewa huko.

Phelista alicheka, kisha akajipangusa macho kwa ncha ya leso. Akamuuliza Spika, ambaye alikaa na baba yake miaka yote hiyo, mzee alikuwa akiyatamka vipi hasa. Spika akakohoa. Ukweli ni kwamba Wabwile akianza tu, wao walikuwa wakimzima kwa kelele.

Wakiuru alikuwa akichochea makaa. Shuleni hakukanyaga hata siku moja.

— Abano, alisema bila kuinua kichwa. Lihero.

Aliyasema polepole, akivuta katikati, kichwa kikiinama kidogo kama mtu anayeweka sinia mezani. Akawaambia mzee alikuwa akifika kabla yao kila alfajiri, makaa yakiwa bado hayajashika, anamwambia, "Mama Ngari, nisikize," halafu anajizoeza. Phelista akamwomba arudie. Akarudia mara tatu, mpaka mdomo wa binti ukashika.

Mgeni mmoja, Kiplagat wa vitunguu, aliyekuja kunywa kahawa tu, akauliza:

— Na yeye mwenyewe alipenda sigaa gani?

Spika akamwangalia Injinia. Injinia akamwangalia Phelista. Miaka thelathini mzee aliwawashia wengine, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wakiuru akainamisha birika ili amwongeze mgeni, yakatoka machicha matupu. Kilibaki kile kikombe cha mzee, kimeshapoa. Akakisogeza mbele ya Phelista.

— Hiyo ya sigaa sijui, mama. Kahawa alipenda bila sukari. Kunywa.